Koja la Maua ya Kahawa

Nilisema najua. Ndivyo ilivyoanza, na sitaki kuuzungukia ukweli. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha bustani aliniuliza mbele ya watu wote, "Daktari, wewe si mtu wa pwani? Makoja ya maua unajua kuyatunga, siyo?" Nami nikajibu, "Najua," kama mtu aliyeulizwa kama anajua kusonga ugali.

Mimi si daktari. Nafanya kazi maabara, hospitalini Kibondo; napima damu, mkojo na makohozi. Lakini hapa kila anayevaa koti jeupe ni daktari, na nilipohamishiwa huku kutoka Pangani nilisahihisha watu mwezi mmoja, nikachoka, nikaacha. Mambo ya pwani nayo niliacha kuyasahihisha. Watu wakishajua umezaliwa kando ya bahari wanaamini unajua kuogelea, kupika biriani na kuchora hina. Kuogelea sijui mpaka leo.

Kikundi chenyewe hukutana Jumamosi mchana, nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Yeye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Muha wa hapahapa, na wote tunamwita Mwalimu. Tunalima mchicha, karoti na vitunguu, tunaotesha miche ya parachichi, tunagawana mbegu na kubishana kuhusu samadi. Mimi nilijiunga nikitafuta mboga mbichi, nikapata watu wa kuongea nao, jambo ambalo kwa mwanamke mgeni aliyepanga chumba peke yake lina thamani kuliko mboga.

Jumamosi hiyo Mwalimu alikuja na habari. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Kasulu, mvua za kwanza zikishaanza. Binti alikuwa amempigia simu akasema hataki maua ya plastiki, wala yale makoja ya karatasi za kumetameta ambayo wahitimu huvishwa siku ya mahafali. Alitaka kitu kilichoota ardhini.

"Ameniuliza, 'Mama, kwani wewe si una kikundi cha bustani?'" Mwalimu alisema. "Nikamwambia ninacho, na kikundi kitatengeneza. Kwa hiyo, jamani, tutatengeneza."

Hapo ndipo alipogeuka kunitazama, na mimi nikasema ule uongo wangu.

Sikusema kwa ubaya. Bibi yangu aliyenilea alikuwa mtunga makoja wa mtaa mzima. Akina mama walimletea asumini kwenye sinia, naye akakaa mkekani akatunga, na harufu ikajaa nyumba mpaka jikoni. Kazi yangu ilikuwa moja: kushika ncha ya uzi asije akauvuta ukachomoka. Nilishika ncha ile miaka mingi. Lakini macho yangu yalikuwa mlangoni, kwa watoto wenzangu waliokuwa wakicheza rede, na vidole vya bibi sikuvitazama hata siku moja.

Niliporudi nyumbani nikampigia simu shangazi yangu, Pangani.

"Asumini yachumwa ikiwa bado imefumba," aliniambia. "Ifumbukie shingoni mwa mtu. Ukichuma iliyokwisha kufumbuka umechuma takataka."

"Na uzi, shangazi?"

"Uzi wa mgomba, uchambuliwe mwembamba."

"Sasa naanzia wapi?"

"Mwanangu, waanzia mwanzo," akasema, na simu ikakatika.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba asumini sikuiona Kibondo nzima. Nilianza kuutazama mji huu kama sikuwahi kuuona. Kumbe njia ninayopita kila siku kwenda kazini ilikuwa na maua ambayo nilikuwa nimeyapita tu: bogonvilia kwenye uzio wa ofisi, haibiskasi nyekundu mbele ya nyumba za watumishi, majani mapana yenye maua ya rangi ya chungwa pale bomba la maji linapovuja. Nilichuma moja moja, nikayapanga dirishani, na kwa sababu mazoea ya maabara hayaniachi, nikafungua daftari nikaandika: ua gani, limechumwa saa ngapi, limenyauka saa ngapi.

Haibiskasi ilijikunja kabla ya saa sita mchana, kama mwavuli uliofungwa. Yale ya bombani yalilegea yakageuka ute. Bogonvilia ilikauka upesi lakini haikupoteza rangi, na hiyo ikanifanya nijione nimegundua kitu. Niliitunga kwenye uzi mweusi wa kushonea, sindano ikipita katikati ya kila ua, mpaka nikapata koja refu la zambarau. Nililitazama kitandani pangu nikajipongeza.

Jumamosi iliyofuata nililipeleka kikundini. Tulikuwa na mwanaume mmoja tu katika kikundi, mrina asali wa makamo mwenye mizinga yake porini, mtu mpole, na tukamfanya bwana harusi wa majaribio. Nilimvika. Watu wakapiga vigelegele. Akageuza shingo kuwashukuru, na uzi ukakatika. Maua yakamwagika miguuni kwake yote, na kuku wa Mwalimu wakaja mbio wakidhani ni chakula.

Tulicheka sana. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mwanachama mkubwa kuliko sote kwa umri, mama wa miaka zaidi ya sitini tuliyemwita Bibi. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana aliyeolewa karibuni, akaishi miaka mingi kwenye makazi ya wakimbizi, akapata uraia, na sasa alikuwa analima kabichi kando ya kijito, kabichi ambazo hakuna aliyeweza kumpita. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani yake, na Mwalimu, ambaye hakuweza kuustaafu ualimu, alikuwa akimsahihisha kila mara.

Bibi aliokota ua moja, akalitazama tundu la sindano.

"Maua hii umeichoma tumboni," akasema. "Inakufa."

"Maua haya," Mwalimu akasema. "Yanakufa."

Bibi alinitazama mimi. "Daktari, bibi yako wewe alikuwa anaanzia wapi?"

Lilikuwa swali lilelile nililomuuliza shangazi. Ningeweza kubuni. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sijui, Bibi. Sikuwahi kutunga. Nilikuwa nashika ncha ya uzi tu."

Masikio yaliniwaka moto. Kisha mrina asali akasema, huku anatoa petali kwenye kola yake, "Basi tuko sawa. Mimi hata hiyo ncha sijaishika."

Mwalimu hakufurahi. Harusi ilikuwa imebakiza wiki sita. "Ungesema tangu mwanzo," aliniambia, "tungeanza sote sifuri." Lakini alisema kwa sauti ya kuanza sifuri, si ya kunifukuza.

Bibi alikuwa ameinuka. Alikwenda kwenye migomba ya Mwalimu, akachuna ganda kavu la shina, akalichovya kwenye ndoo ya maji na kuanza kulisokota. Halikuchukua muda. Likazunguka, likajikaza, likawa duara, na akaliweka kichwani.

"Ingata!" wakasema wanawake wote kwa pamoja, wakacheka. Ilikuwa ngata, ile kata ya kubebea mzigo kichwani. Kila mwanamke pale alikuwa akisokota ngata tangu hajafikisha miaka saba. Mimi ndiye pekee niliyesogea karibu kutazama.

"Hii unaanzia hapa," Bibi aliniambia, akanionyesha jinsi ncha moja inavyolazwa chini ya nyingine, na jinsi kila mzunguko unavyoubana uliotangulia. "Sasa ua unaliweka hapa, kwenye msokoto. Kamba inalikamata shingo. Huchomi."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Nilikuwa na hamu ambayo sikuwa nayo nilipokuwa mtoto mkekani, na nadhani aliiona, kwa sababu alinishika vidole akaviweka mwenyewe mahali pake.

Wiki zilizofuata hatukuzungumzia samadi. Kila mtu alikuja na kitu. Mrina asali alileta kamba za magome ya miyombo, zile anazofungia mizinga; zilikuwa ngumu mno kwa shingo ya mtu, tukaziweka kwa ajili ya kupamba mlango. Mara nyingine alileta mbegu za mtipitipi, nyekundu zenye jicho jeusi, nzuri kiasi kwamba kila mtu alinyoosha mkono. Hapo nilitumia udaktari wangu wa bandia kwa mara ya kwanza bila aibu. Niliwaambia mbegu ile ina sumu, na harusini kuna watoto, na mtoto akitafuna moja hatusherehekei tena. Akazikusanya kimyakimya na kwenda kuzizika.

Mama mmoja alileta vijiua vya njano kutoka mlimani, vikavu kama karatasi hata vikiwa bado shinani. Niliviweka dirishani nikasubiri vinyauke. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima, vilikuwa vilevile. Nilimwonyesha Mwalimu ukurasa ule wa daftari, na yeye, aliyesahihisha madaftari ya watoto miaka yote, akachukua kalamu yangu akaniwekea vema kubwa.

Kwa hiyo tulikuwa na njano, na kijani cha majani ya mwitu, na kamba ya mgomba iliyosokotwa vizuri. Bi harusi alitumiwa picha. Akajibu kwamba ni nzuri, ila anauliza kama hakuna cheupe, na kama hakuna kinachonukia.

Hakikuwepo. Nilitembea mpaka vijiji vya jirani nikinusa maua kama mbwa wa polisi.

Siku moja katika kusokota kwetu nilimuuliza Bibi kama huko kwao bi harusi alikuwa akivishwa maua.

"Hapana. Ua ni la nyuki," akasema. "Sisi tulikuwa tunavika kichwa. Na si bi harusi. Mama." Akaeleza kwamba mwanamke aliyezaa alivikwa urugori, utepe wa ganda la bua la mtama unaozunguka paji la uso. Mwanamke akiwa nao, kila anayekutana naye njiani anajua huyu ana mtoto, na anamheshimu.

"Unajua kuutengeneza?" nikauliza.

"Macho yanajua."

Siku hiyohiyo nikamshauri Mwalimu kwamba wazazi wa kike wa pande zote mbili wavikwe urugori. Alifikiri kidogo. Waha nao wanaijua mila hiyo, akasema. Mama yake alikuwa nao, umetundikwa ukutani juu ya kitanda, na yeye alipozaa mambo hayo yalikuwa yameshaonekana ya kizamani. "Tuutengeneze," akasema. Kisha akamgeukia Bibi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akimwomba jambo. "Tafadhali, utufundishe."

Tulifika Kasulu Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Mwalimu alikuwa ametangulia kwa dada yake, nyumba yenye ua mpana uliofagiliwa, iliyokwisha kujaa wageni. Mimi, Bibi na mrina asali tulishuka na mafurushi ya kamba, mabua ya mtama yaliyolowekwa na magunia ya majani mabichi. Mchana tulikaa kivulini nyuma ya jiko. Bibi akapasua bua kwa wembe, akatoa utepe wa ganda, laini, unaong'aa, rangi ya asali, akaanza kuukunja na kuufuma. Mimi nilikuwa nimeshika ncha nyingine, safari hii macho yangu yakiwa mikononi mwake.

"Nani humfunga mama?" nikauliza.

"Watu wa nyumba ile aliyoolewa. Mwenyewe hajifungi. Ukijifunga mwenyewe hiyo ni kofia."

"Na wewe alikufunga nani?"

Ningekuwa na akili nisingeuliza. Lakini udadisi ulikuwa umenizoea, nikauliza kama nilivyokuwa nikiuliza kila kitu wiki zote zile.

Bibi aliendelea kufuma. "Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa njiani," akasema. "Tulikuwa tunakuja huku. Mama mkwe alikuwa amebaki nyuma. Tulikuwa watu wengi, lakini sijui mmoja. Mama mmoja nisiyemjua alikata kitovu, akaendelea na safari yake. Tulipofika, watu walikuwa wanatafuta maji, wanatafuta turubai. Nani atatafuta mtama?" Akakaza utepe kwa meno. "Baadaye nikazaa wengine sita. Urugori ni wa mtoto wa kwanza. Basi."

Nilipoinua macho nikamwona Mwalimu amesimama mlangoni mwa jiko na sinia la chai mkononi. Alikuwa amesikia. Aliweka sinia chini, akaja akakaa na sisi kwenye gunia, akiwa bado na gauni lake la kupokelea wageni, akachukua bua lililobaki.

Alipasua vibaya, utepe ukakatika, akapasua tena. Dada yake akamwita mara mbili kwamba wageni kutoka kanisani wamefika, akajibu, "Wapeni soda." Alifuma polepole, akimtazama Bibi mikononi na kuiga, na alipokosea alifumua akarudia. Vidole vyake vilikuwa vya kushika chaki. Mimi na mrina asali tulijifanya tuna kazi nyingi na majani.

Alipomaliza alipiga magoti nyuma ya Bibi, akamvua kitambaa cha kichwa, akamfunga.

Mikono ya Bibi ilipanda taratibu ikaugusa utepe, ikauzunguka wote kwa ncha za vidole, mbele mpaka nyuma. Ikasimama juu ya sikio la kulia.

"Hapa umelegeza," akasema.

"Nifumue?" Mwalimu akauliza.

"Acha."

Akainama akachukua kazi yake, akaendelea kufuma urugori wa mama mkwe wa bi harusi. Hakuuvua jioni hiyo, wala siku zilizofuata.

Ijumaa asubuhi baba wa bwana harusi alipiga simu kutoka Munanila, kule mpakani, wanakolima kahawa. Alikuwa akipanga habari za magari, na katika mazungumzo akamwambia Mwalimu kwamba mvua ya wiki iliyopita imewanyeshea vizuri, shamba lote limekuwa jeupe.

Mwalimu akanishika mkono. "Daktari, kahawa ina maua?"

Sikujua. Nilikuwa naijua kahawa ikiwa kikombeni. Saa moja baadaye mimi na mrina asali tulikuwa njiani, tumepita Buhigwe, tunapanda vilima ambavyo ukungu ulikuwa bado haujavitoka.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilishuka garini, na kabla sijaona shamba nikasimama. Ilikuwa asumini. Ilikuwa nyumba ya bibi yangu, sinia, mkeka, kila kitu. Nilitazama pande zote nikitafuta kichaka cha asumini, na palikuwa na mikahawa tu, safu kwa safu, matawi yamejaa maua meupe kama yamemwagiwa unga. Machozi yalinitoka, na mrina asali akajigeuza kuwatazama nyuki, ambao kwa kweli walikuwa wengi na walistahili kutazamwa.

Baba wa bwana harusi alikuwa mzee mrefu aliyevaa mabuti ya mvua. Tulimsalimu, tukamweleza shida yetu. Alishika tawi, akanionyesha ua moja kwa kidole kilichopasuka kwa jembe.

"Kila ua hapa ni buni mbili," akasema. "Ukichuma ua umechuma buni."

"Tumeelewa, baba," nikasema, na nilikuwa tayari kurudi.

"Sijakataa. Nakueleza ujue unachokishika." Akatuongoza mpaka safu ya mwisho, mikahawa mizee ambayo, alisema, alikusudia kuikata vishina ili ichipue upya. "Hii imenisomeshea watoto wote. Acha imalizie kwa huyu mmoja. Kateni matawi."

Nikamuuliza maua hukaa siku ngapi. Siku mbili, tatu. Nikamuuliza kama yaliyofumba yataendelea kufumbuka yakikatwa. Akanitazama kwa mshangao, akasema hajui, kwa sababu hajawahi kuona mtu mwenye kichaa cha kukata kahawa yenye maua. Nikakumbuka maneno ya shangazi. Tuliacha matawi yaliyofumbuka, tukakata yale ambayo vichwa vyake vilikuwa bado vimesimama kama mishumaa midogo, tukayatia kwenye ndoo za maji. Mzee alitusaidia kubeba.

Jumamosi niliamka na adhana ya alfajiri, nikaswali, nikaenda moja kwa moja jikoni kwenye ndoo. Mengine yalikuwa yamefumba bado. Lakini mengi, zaidi ya nusu, yalikuwa yamefunguka gizani, na jiko zima la dada yake Mwalimu lilinukia Pangani. Niliwaamsha wote. Tuliketi, Bibi, mrina asali, mimi na wasichana wawili wa nyumbani, tukasokota kamba na kubana vikonyo, ua la kahawa, jani, kijiua cha njano cha mlimani, ua la kahawa. Hakuna aliyechoma sindano. Saa tatu makoja mawili makubwa yalikuwa yamekwisha, na madogo ya wasimamizi yamebaki kidogo.

Sikukaa ndani ya kanisa muda wote, ila niliwaona walipotoka. Bi harusi alikuwa ameinamisha pua kwenye koja lake. Watu waliomsogelea kumpa mkono walikuwa wakisita, wakinusa, wakiuliza ni marashi gani. Mama wawili, yule wa bwana harusi na Mwalimu, walikuwa na urugori kwenye paji la uso, na nyuma yao Bibi na wa kwake, umelegea kidogo juu ya sikio. Wazee wa upande wa Munanila walipomwona walimwamkia kwa Kirundi, wakasimama naye muda mrefu.

Nisidanganye tena: maua yale hayakufika jioni. Kabla keki haijakatwa yalikuwa yameanza kuwa kahawia pembeni, na wakati wa zawadi yalikuwa yakidondoka mezani. Niliandika saa yake kwenye daftari. Bi harusi aliyaokota akayatia kwenye leso. Vijiua vya njano vilibaki kwenye kamba.

Baada ya harusi tulianza kutafutwa. Wengi walitaka makoja, lakini wa kwanza kuja nyumbani kwa Mwalimu alitaka kitu kingine. Alikuwa mjane wa jirani. Mumewe, mkulima, alikuwa amefariki asubuhi hiyo. Madukani kulikuwa na mashada ya plastiki, akasema, lakini marehemu hakuwa mtu wa plastiki.

Shada la kaburi hatukuwahi kulitengeneza. Tulikaa tukaulizana. Koja lina ncha mbili, linafungwa na kufunguliwa. Shada lazima liwe duara lisilo na mwisho, mrina asali alisema, na kamba zake ngumu za miyombo ndizo zilizofaa hapo. Tukauliza marehemu alipenda ua gani. Mjane akasema hakupenda ua, alipenda mtama wake. Akatuletea masuke kutoka ghalani, mazito, mekundu, na Bibi akatuonyesha jinsi ya kuyalaza yote yakitazama upande mmoja.

Siku ya tatu baada ya mazishi tuliwasindikiza ndugu kwenda kaburini kwa maombi. Tulipokaribia tuliona shada limejaa ndege wadogo, wanadonoa mtama kwa fujo na kugombana. Kijana mmoja wa familia akaokota jiwe.

"Waache," mjane akasema. "Amewafukuza shambani miaka yote. Leo wale."

Tukasimama mbali kidogo, tukasubiri wamalize.